Kabla Hujahamia Muheza

Watu wengi huipenda Muheza kupitia dirisha la basi. Gari likitoka Segera kuelekea Tanga husimama pale mjini kwa dakika chache, na wachuuzi huinua mifuko ya machungwa, ndizi na vipande vya fenesi hadi usawa wa vioo. Upande wa kushoto inaonekana milima ya Usambara Mashariki, kijani mpaka kileleni. Bei ya machungwa humchekesha mtu wa Dar es Salaam. Gari likiondoka, abiria humenya chungwa lake na kujiuliza: nahangaika nini na kodi ya nyumba na foleni za Mbagala, wakati huku watu wanaishi?

Swali ni zuri, na wapo waliolijibu kwa kufunga mizigo. Baadhi yao wametulia. Wengine walirudi mjini kabla mche wao wa kwanza haujatoa ua. Kinachowatenganisha mara nyingi si fedha. Maisha ya kijijini ni mepesi kwa sababu mzigo wake hubebwa na wengi, na anayetaka wepesi huo bila kubeba upande wake ataiona Muheza nzito kuliko Mbagala. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuja na kubaki, awe mstaafu, kijana aliyechoshwa na ajira za mikataba mifupi, au familia inayotafuta nafasi ya kupumua.

CHAGUA MUHEZA YAKO

Wilaya ni moja lakini ina maisha ya aina tatu, na kosa la kwanza ni kuyachanganya.

Kuna Muheza ya bondeni, iliyo kando ya barabara kuu na reli: Mkuzi, Lusanga, Ngomeni, Mtindiro na vijiji vinavyozizunguka. Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, enzi za Wajerumani, na mashamba ya mkonge yakafuata njia hiyo. Leo bonde ni nchi ya michungwa, muhogo, mahindi na minazi. Joto lipo, mbu wapo, lakini hospitali, soko na usafiri viko karibu. Mstaafu mwenye presha au kisukari anayehitaji kliniki kila mwezi atafute hapa.

Kuna Muheza ya milimani: Amani, Misalai, Zirai, Mbomole. Amani iko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, umbali wa kilomita 35 hivi kutoka mjini kwa barabara inayopanda kwa kona. Ubaridi ni wa kweli, mvua ni nyingi, na ardhi inakubali chai, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Msitu wake una mimea na viumbe visivyopatikana kwingine duniani. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko mwaka 1902, na Serikali ikatangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997. Anayependa ukimya na hasumbuki na tope atapapenda.

Kuna pia Muheza ya pwani, ambayo wengi hawajui kuwa ni Muheza: Kigombe, kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani. Hapa maisha ni bahari na minazi. Ukifikiria uvuvi, kumbuka kuwa mwambao huo umo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009. Ina masharti yake kuhusu zana na maeneo ya kuvulia, kwa hiyo waulize viongozi wa kijiji kabla hujanunua wavu.

PANGA CHUMBA KABLA YA KUNUNUA SHAMBA

Usinunue ardhi kwa macho ya mwezi wa Julai. Wakati huo barabara zimekauka, machungwa yameiva, na kila mtu ana fedha mfukoni na muda wa maongezi. Panga chumba kijijini, ukae uione masika ya Machi hadi Mei na ukame wa Januari na Februari. Masika itakuonesha kama bodaboda inafika mlangoni au unashukia njiani na kutembea na mzigo kichwani. Ukame utakuonesha maji yanatoka wapi, na ni nani anayeamka alfajiri kuyafuata.

Katika kipindi hicho fanya hesabu ya matumizi yako halisi. Chakula kitashuka bei, kodi itashuka sana. Nauli itapanda, hasa milimani. Vifaa vya ujenzi vitagharimu zaidi kwa sababu ya usafirishaji, na matibabu makubwa bado yatakupeleka Tanga mjini au Dar es Salaam. Tenga akiba ya safari hizo kabla ya kutenga ya bati. Wengi hupiga hesabu ya nyumba na kusahau hesabu ya kuishi ndani yake.

ARDHI INA MASWALI YAKE

Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia, lakini haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa sebuleni kwa mwenyekiti, ikapigwa muhuri usiku, ni karatasi tu. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji, nenda kwa mtendaji wa kijiji, omba jambo lako lifike kwenye vikao, na ufuatilie hati ya hakimiliki ya kimila.

Zaidi ya sheria, Muheza ina maswali yake. Yaulize yote, na uyaulize mbele ya watu.

Kwanza, miti ni ya nani? Katika mwambao huu shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na minazi au michungwa iliyomo ikawa ya mwingine, kwa urithi au kwa rehani ya zamani. Ukinunua udongo bila kuuliza kuhusu miti, siku ya mavuno utakuta mtu juu ya mnazi na hana kosa.

Pili, mavuno ya msimu huu yameshauzwa? Wafanyabiashara wa machungwa hulipia shamba likiwa bado na maua au vichanga. Muuzaji akikuuzia shamba ambalo fedha za matunda yake ameshazila, utakaa msimu mzima ukiangalia machungwa yako yakipakiwa kwenye lori la mwingine.

Tatu, ndugu wanasemaje? Shamba la baba lina watoto wa mama huyu na wa mama yule, na shangazi aliyeolewa Korogwe. Mke au mume wa muuzaji awepo na atie saini. Majirani wanaopakana na shamba watembee mipaka nawe kwa miguu, mmoja baada ya mwingine.

Nne, nini kiko ng'ambo ya mpaka? Pori lisilolimwa si lazima liwe halina mwenyewe. Laweza kuwa sehemu ya shamba la mkonge lenye hati, au msitu wa hifadhi. Milimani wakulima wa eneo la Derema walilazimika kuacha mashamba yao ya iliki na kulipwa fidia ili misitu iliyotengana iunganishwe, na malalamiko juu ya fidia hiyo yalichukua miaka. Jirani wa msitu ajue alama za mpaka kuliko anavyojua njia ya kwake.

Mgogoro ukitokea, anzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Ni la wajumbe saba, wakiwemo wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kusuluhisha. Ukikimbilia wakili wa mjini kabla ya kukaa na wazee, hata ukishinda kesi utakuwa umepoteza majirani.

INGIA KWA MLANGO WA MBELE

Wenyeji wengi wa hapa ni Wabondei, na pamoja nao wapo Wasambaa, Wazigua, Wadigo na wajukuu wa vibarua waliokuja kukata mkonge kutoka kila upande wa nchi. Muheza imezoea wageni. Ila imezoea wageni wenye adabu, na adabu yake inaanzia kwenye salamu.

Salimia kila unayekutana naye njiani, na usisalimie huku unatembea. Mkubwa mpe shikamoo, hata kama ni kibarua wako. Kuuliza hali ya nyumbani, ya watoto na ya shamba si kupoteza muda, kwa maana ndivyo habari zinavyosafiri: nani anaumwa, ng'ombe wa nani amepotea, mnunuzi gani wa machungwa ana mizani ya wizi. Wanaume wa rika lako watakuita mgosi. Wakianza, ujue mlango umefunguliwa.

Siku za mwanzo utaletewa vitu: mkungu wa ndizi, mihogo, kuku pengine. Pokea. Kukataa zawadi au kuilipia fedha papo hapo ni kumwambia mtu hutaki deni naye, na kijiji kinasimama juu ya madeni madogo ya namna hiyo ambayo hayalipwi yakaisha. Chombo ulicholetewa usikirudishe kitupu. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nawe utapewa jembe lako kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni msiba. Akifa mtu, kazi husimama. Wanaume huchimba kaburi na kupasua kuni, wanawake hupika na kukaa na wafiwa. Mchango wa fedha unapokelewa, ila haufuti kutokuwepo. Unaweza kuwa mkarimu kuliko wote, lakini kama huonekani makaburini, siku yako utazikwa na wachache.

Njia ya pili ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba barabara, kujenga darasa au kusafisha chanzo cha maji. Nenda mwenyewe na jembe lako. Kumtuma kijana uliyemlipa kunaruhusiwa ukiwa mgonjwa au mzee. Ukiwa mzima, kutahesabiwa dhidi yako.

Njia ya tatu ni vikundi: kufa na kuzikana, upatu, VICOBA, ushirika wa mazao. Jiunge na kimoja au viwili, ulipe kwa wakati, na usigombee uongozi mapema. Msomi wa mjini hupewa uweka hazina kwa heshima, kisha hupewa lawama kwa haraka. Hudhuria pia mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo panapoulizwa fedha za kijiji zimekwenda wapi, na ndipo mgeni anapojifunza nani husikilizwa na nani hupiga kelele tu.

RIZIKI ISITEGEMEE MTI MMOJA

Chungwa ndilo jina la Muheza, lakini usiweke maisha yako yote juu yake. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne hivi, na miaka hiyo unahitaji kula. Panda muhogo, kunde na mahindi katikati ya mistari wakati miti ni midogo. Nunua miche kwa mtu mwenye bustani inayojulikana, uone shina la chini na mahali palipobebeshwa. Matunda yaliyoanguka yaokote na kuyafukia, maana nzi wa matunda huzaliana humo na msimu ujao utavuna machungwa yenye funza.

Tatizo kubwa zaidi ni bei. Msimu ukikolea kila mtu anavuna, malori ya Dar es Salaam na Kenya yanachagua, na chungwa linakuwa rahisi kuliko jasho la kulichuma. Januari, watoto wanapohitaji sare na madaftari, mnunuzi hufika na noti mkononi, matunda yakiwa bado machanga, na mkulima huuza matumaini kwa bei ya dharura. Kinga yake ni akiba ndogo, ndani ya VICOBA au kwenye simu, itakayokuvusha miezi hiyo bila kuuza maua. Huenda hiyo ndiyo faida kubwa anayoweza kuja nayo mtu wa mjini, na kama ana moyo, awaoneshe na wenzake.

Milimani viungo vina faida moja juu ya chungwa: vikikaushwa vizuri vinakaa. Mwenye iliki au pilipili manga kavu anaweza kusubiri bei. Mikarafuu inataka subira ya miaka mingi, kwa hiyo ipande kwa ajili ya watoto, na mdalasini kwa ajili yako.

Jifunze pia kwa wafugaji wa vipepeo wa Amani. Kwa miaka mingi wanakijiji waliokaa kando ya msitu walilea vipepeo na kuuza pupa wao kwenye maonesho ya Ulaya na Marekani. Ilikuwa kazi safi, iliyowapa wanawake wengi fedha na iliyoupa msitu walinzi. Mwaka 2016 Serikali ilipositisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, vipepeo wakaingia humo humo na kipato kikakatika ghafla, bila wafugaji kuwa na kosa. Uamuzi wa mbali unaweza kufika hadi kwenye kibanda chako cha wavu. Uwe na vyanzo vitatu: kimoja cha kula kila siku kama mboga na kuku, kimoja cha msimu kama matunda, na kimoja kisichotegemea mvua, iwe pensheni, cherehani, ufundi wa baiskeli au kazi ya mtandaoni pale mawasiliano yanaporuhusu.

JIKO LAKO LIFUATE SHAMBA

Anayehamia Muheza na kuendelea kula kama yuko Sinza, Dar es Salaam, hatauona wepesi wowote. Mchele, mkate na mafuta ya dukani vitamaliza akiba ileile. Zoea bada, ugali wa muhogo, kwa samaki au dagaa wa nazi. Zoea mchunga, uchungu wake utaupenda baada ya wiki chache, na kisamvu kilichotwangwa vizuri. Panda mnazi, mpapai, mlimao na migomba karibu na jiko, kisha tunza mbegu. Kuku wa kienyeji wachache watakupa mayai na heshima ya kumchinjia mgeni.

Jenga kwa kiasi. Nyumba ndogo yenye paa pana, veranda ya kukaa na watu, na tangi la kuvuna maji ya mvua ina faida kuliko jumba lenye uzio wa matofali. Uzio mrefu kijijini unasema neno ambalo huenda hukulikusudia.

AFYA NA WATOTO

Usidanganywe na hewa safi. Bonde hili ni nchi ya malaria, na si bure kwamba kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kina makao yake Muheza. Lala ndani ya chandarua kila usiku, hata wakati wa kiangazi. Homa ikija, pima kabla ya kumeza dawa. Hospitali Teule ya Muheza, yenye chimbuko la misheni ya Kianglikana, imekuwa tegemeo la wilaya kwa miaka mingi. Jua umbali wake kutoka kwako usiku, na uwe na namba za bodaboda wawili unaowaamini. Bima ya afya ilipiwe kabla ya sherehe ya kuhamia.

Ukija na watoto wa shule, tembelea shule kwanza. Uliza idadi ya walimu, hasa wa sayansi, na umbali ambao binti yako atatembea alfajiri. Kama jibu halikuridhishi, kaa karibu na mji mdogo. Wepesi wako usilipiwe na elimu ya mtoto.

USIUSIFU UMASIKINI WA JIRANI

Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985 alirudi Butiama akalima. Watu wengi humtaja wanapozungumzia maisha ya kiasi, na wana haki. Ila yeye alikuwa anarudi kwao, na alikuwa na hiari. Wazee walioiona Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 wanajua kwamba kuishi pamoja kwa amri ni jambo moja na kuishi pamoja kwa kupenda ni jingine. Vivyo hivyo, wewe umechagua kuishi bila gari. Jirani yako hajachagua.

Kwa hiyo usimwambie mama anayechota maji bondeni kwamba maisha yake ni mazuri. Usimkataze kijana kwenda Dar es Salaam kwa sababu wewe umetoka huko umechoka. Akikuomba ushauri mpe, akitaka namba ya mtu wa kumpokea mpe. Kijiji kinapoomba umeme, lami na mganga, simama nacho, hata kama wewe ulikuja kwa kupenda giza lenye nyota.

Ukiyakubali haya, njoo. Njoo na akiba ya mwaka mmoja, jembe, chandarua na subira. Anza na chumba cha kupanga, uone masika, uzike na watu, ulime na watu, ndipo uulize bei ya shamba. Ukitafuta mahali pa kujificha usisumbuliwe, baki mjini: huko ndiko mtu anakoweza kukaa miaka kumi bila jirani kujua jina lake.